Ukurasa wa Pili wa Barua Yangu

Wiki iliyopita mliniacha pazuri. Nilikuwa nimesimama mbele ya geti la kampuni ya malori, kofia kichwani, bahasha mkononi, nikiwa na hakika kamili kwamba nimeuokoa ukoo.

Kwa msomaji aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nitaeleza kwa ufupi. Mwalimu hamfungii nje mwanafunzi aliyechelewa, ingawa humkazia macho.

Nilifundisha miaka thelathini na minane. Baba yangu alifundisha kabla yangu. Mjukuu wangu wa kwanza ana umri wa miaka ishirini na miwili, na nyumbani tunamwita Kobe, kwa sababu mtakazoziona. Nilikwisha kuwatangazia wazee wenzangu wote pale kwa kinyozi kwamba huyo ndiye mwalimu wa tatu. Nafasi yake chuoni ilikuwa tayari.

Kisha, katikati ya chai ya asubuhi, Kobe akaweka mezani leseni ya kuendesha magari makubwa. Alikuwa ameisomea kwa siri miezi sita. Nilimwaga chai, na chai hiyo ndiyo iliyotuchukua wiki mbili nzima katika safu hii.

Kampuni ya malori ya safari ndefu ikamwita kwa majaribio. Ikataka pia barua mbili za kumtambulisha: moja ya mwalimu aliyemfundisha, nyingine ya mzee aliyemlea. Mimi ni wote wawili. Wakakubali barua moja, imefungwa, iletwe na mwandishi mwenyewe.

Nikaandika. Hapo ndipo lilipo kosa langu, nami naliungama mbele yenu nikiwa nimesimama wima.

Sikuandika uongo. Sijapata kuandika uongo tangu niliposhika kalamu. Niliandika ukweli mtupu, ila niliuchagua kama mwalimu wa zamani alivyochagua fimbo: ule tu unaouma. Ukurasa wa kwanza nilizipanga kasoro sita za mjukuu wangu. Ukurasa wa pili niliwasihi wasimwajiri.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Mwalimu? Hapa ni yadi ya malori. Mimi ni meneja wa safari. Unaweza kufika saa nne?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu kama chaki.

"Kuna tatizo?" niliuliza, nikiizuia sauti yangu isicheke.

"Njoo ujionee."

Nikavaa koti langu la siku za mitihani. Nikaanza kujizoeza maneno ya kumfariji kijana. Nilikuwa nimefika kwenye "mlango mmoja ukifungwa" mke wangu alipoingia chumbani.

"Unakwenda wapi na koti hilo?"

"Kumfariji Kobe."

"Amepatwa na nini?"

"Bado. Atapatwa kabla ya saa tano."

Mke wangu akanitazama kuanzia kola hadi viatu. "Wewe mzee, ukitabasamu hivyo asubuhi, mchana kuna mtu analia."

"Nimetabasamu?"

"Umeonyesha hadi jino la dhahabu."

Nikapita jikoni. Kwenye mlango wa friji ilikuwapo karatasi ya Kobe, imebandikwa hapo siku kumi. Alikuwa ameigawa kwa mstari katikati, kama nilivyomfundisha mwenyewe akiwa darasa la nne, tulipokuwa tukipima mambo. Upande mmoja KWENDA, upande wa pili KUBAKI. Kila mtu wa nyumba aliruhusiwa kuongeza.

Chini ya KWENDA yeye ameandika: *Nikiwa kwenye usukani kichwa changu kinatulia. Nitaona miji niliyoisoma kwenye ramani tu. Ni kazi inayoisha. Mzigo ukishushwa, umeshushwa.* Mama yake, binti yangu wa pili, ambaye ni muuguzi, ameongeza: *Atajifunza kufua nguo zake.*

Chini ya KUBAKI: *Mgongo. Kulala ndani ya gari wiki tatu. Sitajua nani amezaliwa na nani amekufa. Mke wangu atabaki na yule mzee.* Mke wangu huyo ni bibi yake, na yule mzee ni mimi. Ndivyo wanavyotaniana, na mimi nimekwisha kuzoea kuwa mtu wa pili nyumbani kwangu. Bibi naye ameandika: *Nani atanifungulia makopo?*

Mistari ilikuwa sawasawa, mitano kwa mitano. Chini kabisa, pande zote mbili, Kobe alikuwa ameacha nafasi na kuandika neno moja: *Babu.* Siku kumi, nafasi zile zilikuwa tupu. Kila asubuhi alinikuta jikoni, akaitazama karatasi, akanitazama, akanywa chai yake polepole, wala hakuniuliza.

Mimi sikuandika kwenye friji. Mimi niliandika barua.

Mlinzi wa geti aliponiona alisimama.

"Mzee, ndiye wewe mwenye ile barua?"

"Ndiye."

Akanipigia saluti. "'Hulala mapema kama kuku, hata harusini.' Mzee, hapo umetumaliza. Tumecheka tangu jana."

Hiyo ilikuwa kasoro ya tano. Nikashangaa kidogo kwamba mlinzi anaijua kwa moyo, lakini nikapita.

Hatua ishirini mbele, madereva wawili waliokuwa wakifunga turubai wakavua kofia. "Shikamoo mwalimu wa barua."

"Marahaba."

"'Akikosea njia husema nimekosea, tena mbele za watu, bila haya,'" akasema mmoja, akamgeukia mwenzake. "Wewe lini umesema?"

"Mimi sijawahi kukosea njia."

"Si ndicho ninachokwambia."

Nikaanza kuhisi ubaridi chini ya koti.

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kimoja chenye ramani ukutani, funguo za malori zimetundikwa kwa namba, na feni inayogeuka kwa shida. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akasimama.

"Shikamoo mwalimu. Karibu kiti."

"Marahaba. Nimekuja kumpokea kijana wangu. Najua mmefanya mlichoweza."

"Umpokee uende naye wapi? Yuko kazini."

Nikaketi bila kukaribishwa mara ya pili.

"Mwalimu," akasema, "nina miaka kumi na minane ninasoma barua za kuwatambulisha watu. Zote zimeandikwa na mkono mmoja. Kijana ni mwepesi, mchangamfu, mshindani, anajituma usiku na mchana. Sasa nikuambie. Yule mwepesi aliniondokea na lori ambalo mlango wa nyuma haujafungwa, akamwaga saruji kilomita tatu. Yule mchangamfu alikuwa anachangamka na simu. Aliyejituma usiku na mchana alisinzia kwenye usukani, nikamtoa kwenye mtaro. Na yule mshindani alishindana na treni."

"Na ikawaje?"

"Treni ilishinda. Yeye alitoka mzima, lori halikutoka."

Akavaa miwani, akachukua karatasi iliyokuwa mezani. Niliutambua mwandiko wangu, umesimama vizuri, kila herufi mahali pake.

"Wewe umeniandikia nini? 'Ni mzito wa kuanza; akiambiwa twende, hukagua kwanza kama mlango umefungwa, kisha hurudi kukagua tena. Si mwongeaji, anaweza kukaa saa kumi bila kusema neno wala kuonyesha kwamba amelikosa. Ni mkaidi, akiamini jambo halijakamilika, hata mzazi wake hawezi kumwondoa hapo. Hana ari ya kushindana. Katika mbio za shule aliwapisha wenzake wote kwa adabu.'" Akaishusha karatasi. "Mwalimu, mtu huyu nimemtafuta miaka kumi na minane."

Msomaji, mimi nilikwisha kumpa mtoto wa watu sifuri kwa jibu ambalo baadaye niligundua lilikuwa sahihi, na fedheha ile niliikumbuka siku hiyo. Mizani yangu ilikuwa ya darasani. Darasani mtoto mzito ni kasoro, mtoto kimya ni kasoro, na asiyekimbia akimbizwe. Haikunijia kamwe kwamba iko sehemu duniani ambapo ripoti mbaya ya shule ni cheti cha kazi.

Lakini nilikuwa na risasi moja imebaki.

"Mama," nikasema, "kuna ukurasa wa pili."

"Upo." Akafungua droo, akautoa. "Wa kwanza nimewasomea madereva. Huu nimeusoma peke yangu."

"Na wewe umeonaje?"

"Ukurasa wa kwanza unanieleza habari za kijana. Wa pili unanieleza habari zako, na wewe sikuajiri." Akanisogezea. "Uchukue. Umwambie au usimwambie, ni mambo ya nyumbani kwenu. Mimi nataka jibu lake Jumatatu saa mbili asubuhi. Mkataba ni miaka mitatu, na simlazimishi mtu."

Jumatatu saa mbili. Siku ile ile na saa ile ile ambayo chuo kilikuwa kinaandikisha wanafunzi.

Nikaukunja ukurasa mara nne, nikautia katika mfuko wa ndani wa koti.

"Sasa sogea dirishani," meneja akasema. "Ndicho nilichokuitia."

Uani lilikuwapo lori refu, kichwa chekundu na tela nyuma yake, injini inanguruma. Kwenye usukani alikaa dereva mkongwe ambaye yadi nzima inamwita Breki. Kobe alikuwa chini, ameshika nyundo ndogo, anazunguka.

Anagonga tairi, anasikiliza. Anasogea. Anagonga, anasikiliza.

"Wewe kijana," Breki akafoka kupitia dirishani, "unalipima gari au unaliposa?"

"Nakuja, mzee."

"Mzigo unaoza."

"Mzigo ni mabati, mzee."

Meneja akakohoa kuficha kicheko. Breki akapiga honi, ndefu, ya kumwamsha aliyekufa. Kobe hakugeuka. Alimaliza upande wa kulia, akahamia wa kushoto, akainama kutazama mabomba ya breki.

"Wenzako wangekuwa wamefika mpakani."

"Ndiyo, mzee."

"Ukizunguka mara ya tatu nakuacha."

Kobe akasimama. Nikadhani amekata tamaa. Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri mbele ya sahani ya chakula, kisha akaanza kuzunguka mara ya tatu.

Nami nilijua kwa nini. Nimemwona akirudi mlangoni mara elfu kujaribu kitasa. Nimemgombeza mara elfu.

Kwenye gurudumu la nyuma kabisa la tela akapiga magoti. Akaweka kidole kwenye nati, akaigusa, akaigusa tena. Akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na spana, akaikaza kwa uzito wake wote. Kisha akakaza na nyingine zote za gurudumu hilo, moja baada ya nyingine, huku honi inalia.

Honi ikanyamaza. Breki akazima injini na kushuka.

"Nati hiyo mimi ndiye niliyeilegeza asubuhi," akamwambia. "Vijana kumi na mmoja wamekuja kabla yako mwezi huu. Wote niliwapigia honi, wote wakaparamia kabini. Hakuna hata mmoja aliyeiona."

"Ilikuwa inagongeka vibaya, mzee," Kobe akasema, kama mtu anayeomba radhi.

Pale dirishani niligundua kwamba nimekunja ngumi. Haikuwa ya hasira.

Nilishuka uani. Kobe akaniona, uso ukamfunguka.

"Babu, shikamoo. Sikushiki, nina grisi."

"Marahaba. Umezunguka mara tatu."

"Mara mbili zilikuwa hazijatosha."

"Nimeona."

Breki hakuwa na adabu hiyo ya grisi. Alinipiga mgongoni kwa kiganja kizima, akaacha vidole vitano kwenye koti langu la mitihani.

"Mzee mwenzangu, barua imetulia ile. Umemtoa mtoto vizuri."

"Wewe una miaka mingapi katika kazi hii?" nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu anayetaka kupata kosa.

"Ishirini na sita."

"Na imekupa nini?"

Hakukasirika. Aliegemea tairi. "Nimekosa harusi mbili za watoto wangu na mazishi ya dada yangu. Mgongo huu hauinami, viatu nafungiwa. Mwanangu wa mwisho aliponiona mara ya kwanza alilia, akadhani nimekuja kumchoma sindano." Akafuta mikono. "Lakini sijawahi kuamka asubuhi nikatamani kazi ya mtu mwingine. Hata siku moja. Wewe je?"

Nilifundisha miaka thelathini na minane. Nikamwambia kwamba jua limekuwa kali, bora nirudi nyumbani.

Nilipofika nilitundika koti nyuma ya mlango, nikaenda kwa kinyozi. Si kwamba nywele zilikuwapo za kunyoa. Nilitaka kukaa mahali ambapo bado naheshimiwa.

"Mwalimu wa tatu anaanza lini?" kinyozi akauliza, mkasi hewani.

"Jumatatu," nikajibu.

Huo haukuwa uongo. Kwa vyovyote vile, Jumatatu angeanza kitu.

Nikarudi saa kumi jioni. Koti langu lilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, linachuruzika maji.

"Umelifua?"

"Lina vidole vya mtu mgongoni," mke wangu akasema bila kuinua macho. "Ulitaka uende nalo wapi, polisi wakachukue alama?"

"Mfukoni kulikuwa na kitu?"

"Leso. Na peremende mbili. Na wewe umekatazwa sukari."

"Hakuna kingine?"

"Unatafuta nini, nikusaidie kutafuta?"

"Hapana. Basi."

Nikaingia ndani nikiwa nusu nimetubu na nusu nimepona. Karatasi iliyoingia ndoo ya maji na sabuni hugeuka uji. Nikajiambia kwamba maji ya mke wangu yameamua jambo lililonishinda. Msomaji wa muda mrefu wa safu hii anajua: kila nilipojiambia hivyo, niliumia.

Jumapili mchana tuliketi mezani wanne. Mke wangu, binti yangu akiwa bado na sare zake za hospitali, Kobe na mimi. Tulikula, au tuseme watatu tulikula, kisha tukamngoja Kobe.

Alipomaliza alifuta mikono, akaenda jikoni, akarudi na karatasi ya friji. Akaiweka mezani, akainyoosha.

Chini ya KWENDA, mbele ya lile neno *Babu*, sasa palikuwa na mwandiko wake: *yuko upande wangu.*

"Mizani ilikuwa sawa," akasema. Kwa Kobe hiyo ni hotuba, na bado akaendelea. "Ninaipenda ile kazi. Lakini chuo nacho sikichukii, Babu. Watoto nawapenda. Nilikuwa nimekwisha kuamua nitakwenda chuoni, kwa sababu nilijua miaka mitatu barabarani siiwezi huku moyo wako uko mbali nami. Halafu Ijumaa wakaanza kunisimulia barua yako. Nikasema, kama Babu ameniandikia barua ya kusimuliwa hivyo, basi."

Nikatafuta maji. Glasi ilikuwa tupu.

Binti yangu akaniangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu siku ya harusi yake. "Baba. Na wewe ulivyokuwa unanuna. Kumbe."

"Sijaisoma," Kobe akaendelea. "Walipokuwa wakitaja vipande nilikuwa naondoka. Meneja amenipa jana jioni. Nataka uisome wewe, kwa sauti yako."

Akanipa karatasi moja. Ukurasa wa kwanza.

Nikavaa miwani. Ningefanya nini? Nikasoma.

Kwenye kasoro ya kwanza, ya mlango na kitasa, bibi yake akacheka mpaka akaegemea meza. "Mume wangu mdogo, umeandikwa ukaandikika." Kwenye ya pili binti yangu akasema saa kumi ni chache, aliwahi kukaa siku mbili. Kwenye ya kuku harusini Kobe mwenyewe akacheka, jambo la mara moja kwa mwaka, akasema, "Ile harusi ilikuwa ndefu, Babu, kuwa mkweli."

Ajabu ni kwamba, kwa sauti yangu, mbele ya watu hao, kasoro zote sita hazikusikika kama kasoro. Zilisikika kama mtu.

Nilipomaliza ya sita, ya anayesema amekosea bila haya, niliinua macho. Kobe alikuwa anatazama mikono yake.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unaniangalia," akasema.

Ilibaki mistari miwili mwishoni mwa ukurasa. Nikaisoma upesi, kwa sauti ya chini, nikitumaini itapita.

"'Kwa sababu hizo zote, mimi niliyemlea na kumfundisha kijana huyu tangu siku yake ya kwanza, nawaomba kwa heshima zote'..."

Na ukurasa ukaisha.

"Unawaomba nini?" binti yangu akauliza.

Kobe akaichukua karatasi, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. "Meneja amenipa hii tu. Nilidhani ndiyo yote." Akaniinulia macho. "Babu, uliwaomba nini?"

"Ni maneno ya kawaida ya kumalizia barua."

"Wewe huna maneno ya kawaida. Ulitufundisha kwamba sentensi isiyokamilika ni mlango usiofungwa."

Niliwafundisha hivyo. Niliwafundisha watoto kama elfu nne, na huyu ndiye aliyeuamini mlango.

"Sijasaini," akasema taratibu. "Kesho saa mbili nitakuwa kwenye geti moja kati ya mawili. Hiki ulichoomba ndicho kitakachonionyesha."

Nipimieni ninyi. Nikisema nilichoandika Alhamisi, atafuta mstari wake kwenye karatasi ya friji, ataingia chuoni kesho na moyo uliovunjika, na atafundisha miaka thelathini na minane akitamani kazi ya mtu mwingine. Najua namna asubuhi hizo zilivyo. Nikisema kile ambacho ningeandika leo, baada ya kumwona akizunguka mara ya tatu, kitakuwa ni kweli ya moyo wangu, lakini siyo niliyoandika. Ataondoka na lori lile akiwa amebeba baraka niliyoitunga mezani. Uongo wa kwanza wa maisha yangu ungekwenda safari ya miaka mitatu.

"Baba?" binti yangu akasema.

Mke wangu akainuka. Nikadhani anakwenda kuleta matunda. Alikwenda chumbani, akarudi amebeba kitu kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba sahani ya mgeni.

Ilikuwa karatasi. Imenyooka, haina kunyanzi hata moja, ila alama za mikunjo zilizokatana. Akaiweka mbele yangu, maandishi yakiwa chini.

"Mfukoni mwa koti," akasema kwa upole. "Niliitoa kabla ya maji. Ilikuwa imekunjwa mno, nikaipiga pasi."

Nikaitambua mikunjo yangu.

"Umeisoma?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi?" Akaketi, akapanga vijiko vyake. "Mimi nafua na kupiga pasi. Kusoma ni kazi ya mwalimu. Malizia sentensi, mume wangu mkongwe. Darasa linangoja."

Kobe aliitazama karatasi ile, iliyokuwa karibu na mkono wake kuliko wangu. Kijana mwingine angeinyakua. Yeye alikunja mikono kifuani akatulia, kama alivyotulia pale yadini huku honi inalia masikioni, mtu asiyeondoka mpaka nati ya mwisho iguswe.

Safari hii nati iliyolegea ilikuwa mimi.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Nikaweka mkono juu ya karatasi. Ilikuwa bado na harufu ya pasi. Nikaigeuza, maandishi yakawa juu.

"'Nawaomba kwa heshima zote,'" nikaanza upya.